Mizinga Iliyokuwa Ukutani

Mzee aliyeniuzia nyumba alianza na balbu. Siku ya kukabidhiana funguo nilimkuta amepanda juu ya kiti, kavua viatu, anazifungua moja moja na kuziviringisha kwenye kanga kuukuu. Balbu ni balbu, nikajiambia, nitanunua nyingine. Akashuka, akaenda madirishani, akatoa fimbo za mapazia pamoja na misumari yake. Akafungua waya wa kuanikia nguo uani. Akapanda ngazi akang'oa bomba la antena lililokuwa limefungwa kwenye kenchi ya paa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ametoka Kaliua kuja kunisaidia kuhamia, alisimama mlangoni na godoro kichwani akimwangalia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Kuta utatuachia?"

Mzee akacheka, kicheko cha kweli, hakuona tusi. "Kuta nimeuza, baba. Kuta ni za dada yako."

Mdogo wangu hakucheka. Alipita na godoro akalibwaga chumbani kwa kishindo, mpaka vumbi likatoka kwenye dari.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka moja Kanyenye. Shule niliishia darasa la saba. Nyumba ile ya Isevya ndiyo mali ya kwanza kubwa niliyoinunua kwa jina langu tangu mume wangu afariki, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kununua nyumba, na huenda mwenye mazoea angeuliza maswali ambayo mimi sikuyauliza. Lakini nimekwisha kuwauliza watu waliouza na kununua hapa mjini, na kila mmoja ananipa jibu lake. Mmoja anasema milango haiondolewi. Mwingine anasema yeye aliondoka na milango, na madirisha, na mabati juu, na hakuna aliyemfanya kitu kwa kuwa alisema mapema. Mwingine alikuta hata swichi zimekatwa, nyaya zinaning'inia ukutani kama utumbo wa kuku.

Mzee wangu yeye alikuwa na kanuni yake, na aliniambia waziwazi, sitaki kumsingizia kwamba alinificha. Alisema alichokifunga kwa bisibisi atakifungua kwa bisibisi, ni chake. Kilichoshikwa na simenti kinabaki. Niliona ni haki. Hata alipokuja tena baada ya siku chache kuchukua mlango wa choo, ambao alisema marehemu mke wake ndiye aliyeununua, nilimwachia. Bawaba zake zilikuwa za skrubu. Nikatundika pazia la gunia.

Mdogo wangu alipoliona lile gunia alikasirika vibaya. "Dada, wewe unauziwa au unaporwa?"

"Mlango ulikuwa wa mke wake."

"Na mkewe alikuwa anakojoa wapi? Si kwenye choo hiki ulichokinunua?"

Huyu ndugu yangu lazima nimweleze vizuri, kwa kuwa yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amwone mnyama. Si mnyama. Anapakia magunia ya mpunga pale stesheni ya Kaliua, mabega yake yana sugu, na tangu utoto wetu ana kitu kimoja hawezi kukivumilia, kuona mtu wa nyumbani kwake anaonewa. Mume wangu aliponipiga mara ya kwanza na ya mwisho, alikuja na treni, hakusalimia, akampiga shemeji yake mbele ya mama mkwe wangu, akarudi stesheni. Nilimlilia mume wangu na nilimshukuru ndugu yangu, yote kwa siku ile ile. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa sahihi zaidi.

Sasa nyuki.

Nyuma ya jiko kuna stoo ya matofali ya kuchoma, na ukuta wake unaotazama uchochoroni ulikuwa na mizinga mitatu ya magogo iliyojengewa humo humo. Mzee alikuwa mrina asali wa miaka mingi, mizinga yake mingine ilikuwa porini upande wa Sikonge, lakini hii mitatu aliitaka karibu. Aliacha nafasi katikati ya matofali, akalaza magogo, akakandika udongo pande zote. Kwa nje uliona midomo mitatu tu na nyuki wakiingia na kutoka. Kwa ndani ya stoo uliona vifuniko vya nyuma, ambavyo alivifungua wakati wa kurina. Siku nilipokwenda kuitazama nyumba alinipeleka mpaka pale.

"Hawa wana adabu zao," alisema. "Usiwapigie kelele, usipite mbele yao umejipaka manukato, watakaa na wewe vizuri."

Mimi nilielewa kwamba naelekezwa jinsi ya kuishi na vitu vyangu vipya. Nilifurahi. Niliwaza asali ya kwenye chai. Yeye, kama alivyokuja kueleza baadaye mahakamani, alikuwa ananielekeza jinsi ya kumtunzia vitu vyake mpaka msimu uishe, kwa sababu mzinga uliojaa asali na watoto wa nyuki hauhamishwi, masega yanavunjika na kundi linakufa. Na kwa mtu kama yeye halikuwa jambo la kulitaja. Kwao mzinga ni wa aliyeutundika. Mti unaweza kuwa wa serikali, shamba linaweza kuuzwa na kuuzwa tena, mzinga ulio juu una alama ya mwenyewe na haumhusu mtu mwingine. Anayeugusa ni mwizi, tena mwizi wa aina mbaya. Ningemwambia "nimenunua na nyuki wako" angeniona nimesema kitu cha ajabu, kama vile kusema nimenunua na wajukuu wake.

Lakini hakuna aliyesema. Siku ya mlango wa choo alisema, "Nitarudi, mayo." Mayo ni mama kwa Kinyamwezi, ndivyo alivyoniita. Nimejaribu sana kukumbuka kama aliongeza neno baada ya hapo. Nilikuwa nashikilia mlango usimwangukie. Naweza kuapa kwamba alisema atarudi. Kwamba alisema atarudia nini, siwezi kuapa kwamba alisema wala kwamba hakusema.

Alirudi msimu wa asali ulipokwisha. Adhana ya magharibi ilikuwa imepita, giza limeshaingia, na mtaa wetu umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa jikoni nawasha mkaa. Mdogo wangu alikuwa amefika mchana na treni, ameoga, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananisimulia habari za mke wake. Tukasikia kitu kinagonga nyuma ya stoo. Du, kimya. Du, kimya. Halafu udongo unaporomoka.

Alinyanyuka bila kumaliza sentensi. Mlangoni kulikuwa na mpini wa sululu ambao haukuwa na sululu yake. Akauchukua. Nami nikafuata na kibiriti mkononi, sijui nilifikiri kibiriti kingesaidia nini.

Uchochoroni kulikuwa na mtu amepiga magoti kwenye ukuta wangu. Alivaa koti refu, kichwani amejifunika gunia, usoni amefunga kitambaa, mikono ameizungushia matambara. Ana mtaimbo. Mzinga mmoja ulikuwa tayari umetoka, umelazwa juu ya majani, na mahali ulipokuwa pamebaki shimo unaloweza kuingiza mtoto. Hana taa. Hasemi. Nimejifunza baadaye kwamba ndivyo inavyofanyika: nyuki huhamishwa giza likishaingia, wote wakiwa wamerudi, bila mwanga na bila maneno, na anayefanya kazi hiyo hapigi hodi wala hasalimii mpaka amemaliza. Ni kazi inayofanywa kwa namna ile ile ya wizi. Sikujua. Mdogo wangu hakujua. Mtu yeyote wa Isevya asiyerina asali asingejua.

Mdogo wangu alimpiga begani. Nilisikia pigo lile kama gunia linavyosikika likitupwa chini kutoka kwenye behewa. Kwa pigo hilo la kwanza simlaumu ndugu yangu, sikumlaumu siku ile na sitamlaumu. Mtu alianguka ubavu, gunia likamtoka kichwani, akavuta kile kitambaa cha usoni kwa mkono uliobaki na nguvu.

"Ni mimi, baba. Ni mimi, mwenye nyumba."

Angeweza kusema jina lake. Angeweza kusema "ni mzee wa nyuki." Lakini miaka yote aliyoishi pale alikuwa akijibu hivyo kila alipoulizwa nani yupo uani, na mtu aliyepigwa hachagui maneno.

"Mwenye nyumba?" mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwenye nyumba nani? Nyumba umeuza."

Na akaanza kumpiga upya.

Ninayoandika hapa nilikwishayasema mbele ya hakimu, kwa hiyo sioni sababu ya kuyapunguza. Alimpiga mgongoni, akampiga mapajani. Mzee hakuinua mikono kujikinga kichwa. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya mdomo wa ule mzinga, kiganja kimeziba tundu, kama mtu anayemziba mtoto mdomo asilie. Mdogo wangu aliuona ule mkono. "Toa mkono kwenye mali ya dada yangu," akasema, na mzee hakuutoa, mdogo wangu akaupiga. Mfupa ulivunjika katikati ya kiwiko na kiganja. Nilimshika mdogo wangu shati kwa nyuma, likachanika, nikabaki na kitambaa. Akarudia pale pale palipovunjika. Kisha akaupiga teke mzinga wenyewe na gogo likapasuka kwa urefu wake.

Watu hufikiri nyuki hawafanyi kitu gizani. Hawaruki sana, hilo ni kweli. Wanatambaa. Kwanza ilikuja sauti, kama mashine ya kusaga inapowashwa nyumba ya tatu, halafu nikahisi vitu vinapanda miguuni chini ya kanga. Mdogo wangu waliingia kwenye suruali na kwenye lile shati nililolichana. Walimwingia puani. Jicho lake moja lilifumba pale pale, na bado aliendelea kupiga, sasa anapiga ovyo, mara ukuta, mara gogo, mara mtu, anatukana na kutema nyuki. Mzee alikuwa amelala bila kutikisika. Walikuwa wamemjaa usoni.

"Msiwapige," alikuwa akisema taratibu. "Msiwapige. Usilete taa."

Taa zilikuja. Majirani walisikia, mmoja akapiga yowe la mwizi, wakatoka na simu zao zinawaka. Nyuki gizani hufuata mwanga. Jirani yangu wa upande wa kushoto, dereva wa bodaboda, alifika wa kwanza ameinua simu juu, na katika muda wa kupumua mara moja simu ile ilikuwa nyeusi kwa nyuki, na mkono, na shingo. Aliitupa. Akaokota tofali, moja ya yale mzee aliyoyachomoa ukutani kwangu, akampiga nalo mzee mgongoni. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa na maumivu na aliambiwa kuna mwizi. Mwingine akarusha jiwe. Lilinipata mimi kwenye paja.

"Kaja na nyuki wake atuue," mtu alisema kule nyuma.

"Leteni mafuta. Waungue wote, yeye na nyuki."

Mafuta hayakuwa mbali. Jirani yule huuza petroli kwenye chupa za maji mlangoni kwake. Nilimwona mtu amekwishashika chupa.

Ndipo jirani akaniuliza. Alikuwa anajikuna shingo kama mwendawazimu, lakini aliniuliza, na waliomzunguka wakapunguza kelele wasikie. Hata wanaotaka kuchoma mtu wanapenda kwanza wasikie ameiba nini.

"Dada, huyu kachukua nini? Mali yako au si mali yako?"

Nilimtazama mdogo wangu, anayumba, uso umeanza kuvimba. Aliitikia kwa kichwa, kama kusema, waambie.

Nataka nieleze nilichokijua wakati ule, bila kujipamba. Sikujua mizinga ni ya nani. Nilinunua kuta, mzee mwenyewe alisema kuta ni zangu, na mizinga ilikuwa ndani ya ukuta. Haikufungwa kwa skrubu. Haikushikwa na simenti pia. Ilishikwa na udongo, na kwenye kanuni ya mzee udongo haukutajwa. Kama ningesema "ni mali yangu" nisingekuwa nimesema uongo ninaoujua. Kingekuwa kitu ambacho huenda ni kweli.

"Ni yake," nikasema. "Mimi nimenunua nyumba. Nyuki ni wake."

"Mbona anabomoa kwako usiku?"

"Nilimwambia aje."

Huo ulikuwa uongo, na huo niliujua. Aliyeshika chupa aliishusha. Mwingine akacheka. "Sasa mnatuitia mwizi wa nini?" akasema, kana kwamba tumemharibia jioni yake. Mdogo wangu alinitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Alikaa chini, ameegemea ukuta, mpini bado mkononi, akaanza kutapika.

Nilileta jiko la mkaa, nikalifunika kwa magunia yenye unyevu, moshi ukajaa uchochoroni, tukawaondoa nyuki usoni kwa mzee kwa kitambaa. Mzee alikuwa ameacha mkokoteni kwenye kona, aliouleta kubebea mizinga. Tukamlaza juu yake, na aliyeuvuta pamoja nami mpaka hospitali alikuwa yule yule wa tofali. Njiani mkono wa mzee ulikuwa unaning'inia upande ambao mkono hauelekei. Barabara ile ina mashimo, kila tairi likiingia shimoni alikuwa anatoa pumzi kama mtu anayekohoa. Aliongea mara moja tu.

"Mayo, wale wa mizinga miwili wamepona?"

Nikamwambia wapo ukutani bado. Sikuwa nimeangalia.

Polisi walimchukua mdogo wangu asubuhi, kitandani kwangu, macho yote yamefungwa kwa uvimbe, ikabidi wamshike mkono kama kipofu kumpandisha gari. Alipigwa kituoni. Hilo sikuliona, aliniambia mwenyewe, na siku nilipompelekea chai meno yake ya mbele yalikuwa yamepungua. Sijui kama yaling'oka kule au uchochoroni.

Kesi ilikaa muda mrefu. Wifi yangu alikuja kutoka Kaliua na mtoto mgongoni, akafikia kwangu, na kila jioni tulizungumza jambo moja. Alitaka niseme mizinga ilikuwa mali yangu.

"Ukisema ni yako, mume wangu alikuwa anapiga mwizi," alisema. "Ukisema ni ya mzee, alikuwa anapiga mtu. Ni neno moja, wifi. Tena ni neno la kweli. Kitu kikiwa ndani ya ukuta si cha mwenye ukuta?"

Nikamwambia nitajibu nitakachoulizwa.

Mzee alitoa ushahidi akiwa amekaa. Mkono ulikuwa umeunga, lakini uliunga umepinda, kama mpini wa jembe ulioachwa juani. Alieleza habari ya giza na kutopiga hodi, akaeleza habari ya msimu. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama ana lolote la kuongeza.

"Sitaki fidia," mzee alisema. "Nataka akae ndani mpaka mkono wangu unyooke."

Watu wakaguna. Hakimu alimuuliza kama mizinga ilikuwa imejengewa ukutani, akasema ndiyo. Hakimu akasema, kwa utaratibu kabisa, kwamba kilichojengewa ndani ya nyumba kinauzwa na nyumba, isipokuwa waliouziana wakubaliane vingine, na kwamba kwa maoni yake mizinga ile ilikuwa ya mnunuzi. Nilimwona wifi yangu ananyanyua kichwa.

"Mheshimiwa," mzee akasema, "na wale wanaotoka alfajiri kwenda kunywa maji bwawani, nao ni ukuta?"

Akaambiwa akae kimya. Mimi nafikiri lilikuwa swali zuri. Nafikiri pia hakimu alikuwa sahihi. Nimeyaweka mawili hayo pamoja mara nyingi na hakuna linaloliondoa jingine.

Nilipopanda, nilidhani wataniuliza habari ya mizinga. Waliniuliza kwanza kama nilimwalika mzee siku ile, kama nilivyosikika nikisema mbele ya majirani.

"Hapana," nikasema. "Nilidanganya. Walikuwa wanataka kumchoma."

Hapo nilimsaidia ndugu yangu, naamini, kwa sababu maana yake mtu yule aliingia bila ruhusa. Mdogo wangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu uchochoroni. Halafu mwendesha mashtaka akauliza swali jingine.

"Mlalamikaji alijitambulisha?"

"Ndiyo. Alisema, ni mimi."

"Kabla ya pigo la kwanza au baada?"

"Baada ya la kwanza."

"Mshtakiwa alisikia?"

Wifi yangu alikuwa amekaa benchi la pili, ananyonyesha. Hakimu alikuwa anaandika. Nilijua kwamba mizinga ikiwa yangu au ya mzee, haidhuru tena. Walitaka kujua kama alimpiga mtu asiyemjua au mtu aliyekwisha kumjua. Ningeweza kusema siwezi kujua kilichomo kwenye sikio la mwingine. Lingekuwa jibu la mtu mwangalifu, na mimi najulikana kwa uangalifu, wateja wangu wanasema napima mara nyingi mno kabla ya kukata.

"Alisikia," nikasema.

"Unajuaje?"

"Kwa sababu alimjibu."

Na nikasema alichomjibu, neno kwa neno.

Siku ya hukumu hakimu alisema pigo la kwanza lingeweza kueleweka. Ndugu yangu alifungwa kwa yale yaliyofuata. Alipokuwa anatolewa na askari alipita karibu nami kiasi cha kunigusa. Sikusikia akisema kitu, na nilisikiliza.

Wifi yangu alihamisha vitu vyake kutoka kwangu siku hiyo hiyo. Juma lililofuata alikuja Kanyenye nilikokaa na cherehani, mchana, watu wamejaa kibarazani. Nilikuwa nimeinama natunga uzi. Alinipiga kofi, kisha akachukua pasi ya mkaa iliyokuwa juu ya meza, inawaka, akanibandika nayo begani. Sketi ya mteja iliungua pia. Nilisikia harufu ya kitambaa kabla sijasikia maumivu. Aliniburuza kwa nywele mpaka nikaanguka kutoka kwenye stuli, akanipiga mateke ya tumbo, na kila teke alikuwa anasema neno moja, "Alimjibu. Alimjibu. Alimjibu."

Wauza vitenge walimshika. Walikuwa wanawake wanne na bado aliwaburuza. Mmoja akamfunga mikono kwa mkanda wa kupimia wa kwangu mwenyewe. "Tumpeleke kituoni huyu," walisema. "Amemuunguza mtu hapa. Sema, mama, tumpeleke?"

Ngozi ya bega ilikuwa imebaki kwenye blauzi. Nilikuwa na kila haki, na kusema kweli niliitaka haki hiyo kwa dakika kadhaa. Nilimtazama akihema, matiti yamelowesha gauni kwa sababu mtoto alikuwa amemwacha mahali. Alichonifanyia hakikuwa halali. Nilichomfanyia kilikuwa halali, na kilimwondolea mume.

"Mfungueni," nikasema. "Ni wifi yangu."

Alifunguliwa. Alitafuta kandambili zake chini ya meza, akapata moja, ya pili nikamsogezea kwa mguu. Alipofika ngazini aligeuka.

"Kumwona ni siku gani?"

Nikamwambia siku. Nikamwambia na saa, na kwamba chakula wanakikagua kwa kijiko.

Siku hiyo ilipofika nilipika wali na maharage ya nazi, nikatia kwenye bakuli la mfuniko. Bega lilikuwa limefungwa bandeji, nilikuwa nakoroga kwa mkono wa kushoto. Nilimkuta wifi njiani na mtoto mgongoni. Tukaenda, yeye upande wake wa barabara na mimi upande wangu. Kwenye geti la gereza askari alisema ataingia mmoja tu, mfungwa achague. Akatumwa mtu ndani kuuliza, akarudi.

"Mke."

Nilimpa wifi bakuli. Alilipokea bila kunitazama, akaingia. Nilikaa kwenye jiwe nje, mahali ambapo wengine pia walikuwa wamekaa na vyombo vyao. Alitoka jua likiwa limeanza kupungua, akanirudishia bakuli. Lilikuwa tupu, limekombwa mpaka chini. Sikumuuliza nani alikula.